Chini Itakuwa Juu

Bikoni yetu, kifaa cha kupeleka ishara ya hatari kwa setilaiti, ilikuwa imefungwa ukutani ndani ya boti, kando ya meza ya ramani, kwenye kishikizo chake cha plastiki. Mkaguzi wa mashindano ya boti alipopanda aliigusa, akasoma tarehe ya betri, akatia alama kwenye karatasi yake, akasema hapo ni mahali pazuri, kila mtu anaiona na kila mtu anaifikia. Tukaitikia kwa vichwa. Siku nne baadaye, usiku, nilikuwa nimelala kifudifudi juu ya tumbo la boti hiyo hiyo, kichwa nimekiingiza kwenye mlango wa dharura, naitazama bikoni ile ile ikiwaka na kuzima chini ya maji, mahali ambapo mkono wa mtu haukuweza kufika.

Kwa asiyezijua boti hizi, katamarani ni mashua mbili nyembamba zilizoungwa sambamba, na kati yake kuna wavu wa kukanyagia. Sisi kila moja tunaiita pacha. Katamarani haina mkuku, ule uti wa chini ya boti, mzito wa risasi. Boti yenye mkuku ikizidiwa na upepo hulala ubavu, tanga likamwaga upepo, kisha ikainuka tena, na kule kulala kwenyewe ni onyo. Katamarani hailali. Inasimama sawasawa na kukimbia, na inazidi kukimbia, mpaka dakika ile inapokataa. Ikishapinduka haigeuki tena, maana imetulia vizuri kifudifudi kama ilivyokuwa imetulia chali. Jema lake ni kwamba kwa kawaida haizami. Jema hilo ndilo lililonifanya niwe hai leo, lakini lina masharti yake, na masharti hayo hatukuwa tumeyafikiria.

Usiku ule upepo ulikuwa ukitoka nyuma ya ubavu, tanga kubwa likiwa limepunguzwa kwa mkunjo mmoja. Ulikuwa unapanda polepole, na hapo ndipo palipokuwa na mtego. Upepo ukitoka kilomita 40 kwa saa ukafika 56, sikio linasema umeongezeka kiasi tu, lakini nguvu yake juu ya tanga imekuwa karibu maradufu, kwa sababu nguvu hukua kwa mraba wa kasi. Mshika usukani wetu, kijana mwenye mikono myepesi kuliko yangu, aliita, "Nahodha, tutie mkunjo wa pili?" Nahodha akajibu kutoka ndani, "Zamu ikibadilika, mdogo wangu. Dakika ishirini tu." Mimi nilikuwa macho, nimesikia yote mawili, na nilinyamaza. Simlaumu nahodha peke yake. Sote watano tulikuwa tumechoka, tulikuwa wa tatu kwenye mashindano, na hakuna aliyetaka kuamsha wenzake mapema kwa kazi ya kamba na maji baridi.

Dakika ishirini hazikufika. Wimbi lilitunyanyua nyuma, upepo wa ghafla ukaja juu yake, na omo, yaani pua, ya pacha la demani, upande upepo unakoelekea, ikaingia majini. Katika mwendo ule mshika usukani hana pa kwenda. Akiielekeza boti kwenye upepo, inanyanyuka zaidi kabla haijatulia, na akiikimbiza upande wa demani, kwanza inaongeza kasi. Aliikimbiza. Omo haikutoka tena. Tezi, yaani sehemu ya nyuma, likapanda, nikaona usukani ukizunguka hewani bila maji, kisha mlingoti ukashuka mbele yetu kama mti unaokatwa.

Nilijikuta chini ya wavu. Jaketi langu la kuokolea lilikuwa la kujijaza lenyewe, na lilijijaza kama lilivyoundwa, likanisukuma juu kwa nguvu zake zote na kunibana kwenye wavu kwa chini. Mahali pa kutokea palikuwa pembeni, lakini ili kufika huko lazima kwanza uende chini, na jaketi halikubali kwenda chini. Kamba ya mkanda wangu wa usalama nayo ilikuwa imekaza. Nilitafuta pingu ya kifuani, ile inayofunguka kwa kuvuta shanga, nikavuta, nikajikokota kwa vidole kwenye matundu ya wavu mpaka ukingoni. Sijui ilikuwa sekunde ngapi. Ninachokumbuka ni kwamba niliijua ile shanga kwa kugusa, kwa sababu mzee mmoja aliyenifundisha kazi hii alikuwa na tabia ya kutufumba macho na kutuambia tujifungue. Tulikuwa tukimcheka. Mwenzetu mmoja alikuwa amenunua mkanda wenye kulabu ya kawaida kifuani, isiyofunguka ikiwa imevutwa. Yeye alikata kamba kwa kisu. Kisu alikuwa nacho shingoni, si mfukoni, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayomwezesha kusimulia naye.

Tulipanda juu ya pacha tukahesabiana. Watatu nje, wawili ndani. Wale wa ndani walitoka kwa mlango wa dharura, ambao kwenye katamarani za mbio za bahari kuu umewekwa kwenye ubavu wa kila pacha hasa kwa ajili ya siku kama hiyo, ili uwe juu ya maji boti ikiwa imepinduka. Nahodha alitoka wa mwisho, damu usoni. Hakuna aliyevunjika.

Ndipo swali likaja. Ishara imetoka?

Bikoni ya boti, ile inayoitwa EPIRB, hujiwasha yenyewe ikitoka kwenye kishikizo na kulowa maji. Ya kwetu ilitoka, nadhani kwa kupigwa na buti la mtu, ikalowa, ikawaka. Mpaka hapo imetimiza kazi yake. Lakini ukuta ule wa meza ya ramani, uliokuwa kimo cha bega, sasa ulikuwa chini ya maji, na bikoni ilikuwa imeelea ikakwama kati ya kabati lililong'oka na mifuko ya matanga. Taa yake tuliiona. Antena yake ilikuwa imeelekea kwenye sakafu ya kaboni, ambayo sasa ilikuwa paa, na kaboni huzuia mawimbi ya redio. Maji ya chumvi ndiyo mabaya zaidi. Kifaa kile hupiga ishara fupi ya nusu sekunde kila baada ya sekunde 50 hivi, kwa masafa ya megahezi 406, kikiwa na nguvu ya wati 5 tu, na kinatarajia kuona mbingu. Chetu kilikuwa kinaona masanduku ya biskuti.

Cha ajabu, mfuko wa dharura tuliupata mkavu kabisa. Ulikuwa umefungwa chini ya kitanda, karibu na sakafu, mahali ambapo tuliusukumia kwa sababu ulikuwa unatusumbua njiani. Boti ilipogeuka, chini ya kitanda pakawa rafu ya juu kuliko zote. Tuliweka bikoni mahali pa heshima ikazama, na mfuko mahali pa aibu ukaokoka. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi kuliko lolote jingine la usiku ule. Tulipanga vitu vyetu kwa ajili ya boti iliyosimama.

Watatu kati yetu tulikuwa na PLB, bikoni ndogo ya mtu binafsi. Moja ilikuwa ndani ya jaketi ambalo mwenyewe alilivua alipokwenda kulala, na lilipotelea mle ndani. Zikabaki mbili. PLB ya kawaida haijiwashi. Lazima uikunjue antena, uvunje kizuizi, ubonyeze kitufe, kisha uishike juu ya maji ikiangalia mbingu. Kwa vidole vilivyokufa ganzi, ndani ya glavu, kazi ya sekunde kumi ilinichukua muda ambao sipendi kuutaja. Nilitumia meno.

Tulibishana kidogo kama tuwashe zote mbili. EPIRB inatakiwa idumu angalau saa 48, PLB angalau saa 24. Tukaamua tuwashe moja, ya pili iwe akiba, kwa kuwa hatukujua kama EPIRB inasikika na hatukujua tutakaa pale muda gani. Bado naamini tuliamua vizuri, ingawa wapo wanaosema wangewasha zote. Kuna bikoni mpya zinazotumia Galileo, mfumo wa setilaiti wa Ulaya, ambao tangu Januari 2020 unaweza kurudisha ujumbe na kuwasha taa ndogo kukujulisha kwamba ishara yako imepokelewa. Zetu hazikuwa na taa hiyo. Na hata ingekuwapo, inakwambia umesikika. Kwamba mtu yuko njiani, hilo haisemi.

Na zile bikoni za AIS, mfumo ambao vyombo vya majini huonyeshana mahali vilipo? Wawili wetu tulikuwa nazo ndani ya majaketi, na zilijiwasha majaketi yalipojaa hewa. Zilifanya kazi bila kosa. Bikoni ya AIS ni ya mtu aliyeanguka majini, na humwonyesha kwenye skrini za vyombo vilivyo karibu, maili chache tu kutoka usawa wa maji. Chombo cha karibu kuliko vyote kilikuwa boti yetu wenyewe, ambayo skrini yake ilikuwa majini na antena yake, kwenye ncha ya mlingoti, ilikuwa inaelekea chini kwenye sakafu ya bahari. Washindani wengine walikuwa makumi ya kilomita mbali. Nilikuwa nimejivunia kifaa kile miaka miwili, na sikuwahi kukaa chini nikajiuliza kinaongea na nani. Bikoni ya 406 inaongea na setilaiti, ya AIS inaongea na jirani, redio ya mkononi ya VHF inaongea na anayeonekana au anayekaribia kuonekana. Ukipinduka peke yako, jirani huna.

Baadaye, nchi kavu, tulielezwa kilichotokea upande wa pili. EPIRB yetu ilikuwa imesikika, vipande vichache vya ishara dhaifu, namba yake ya utambulisho ikasomeka lakini bila mahali. Setilaiti zilizosimama kilomita 36,000 juu ya ikweta husikia haraka, ila kama ishara haina taarifa ya GPS ndani yake, haziwezi kukokotoa ulipo, kwa sababu kwao dunia haisogei. Setilaiti zinazopita chini zaidi ndizo hukokotoa kwa jinsi masafa yanavyobadilika zinapokukaribia na kukuacha. Basi kituo cha uratibu wa uokoaji kilikuwa na jina la boti, kikawa hakina pa kuitafuta. Kikafanya kilicho sahihi, kikapiga simu kwenye namba ya kwanza iliyoandikwa kwenye usajili wa bikoni.

Namba hiyo ilikuwa ya nahodha.

Simu ilikuwa ndani ya boti, chini ya maji, mita tatu kutoka nilipokuwa nimekaa. Wakapiga ya pili. Ilikuwa ya mtu aliyewahi kumiliki bikoni ile pamoja na boti kabla yetu, akasema boti hiyo aliiuza zamani na huenda ni mtoto amechezea kitufe. Ni jibu la mtu mwenye akili, kwa kuwa ishara nyingi mno za bikoni huwa za kuwashwa kwa bahati mbaya. Ya tatu ilikuwa ya dada yake nahodha. Huyo alikuwa na nakala ya mpango wetu wa safari, alijua tuko wangapi, alijua rangi ya boti, na alijua tuliwasiliana mara ya mwisho jioni tukiwa wapi. Alipokuwa bado anaongea nao, PLB yangu ikaingia ikiwa na mahali kamili. Kwa hiyo jibu langu kwa anayeniuliza kifaa gani kilituokoa ni PLB moja na mwanamke mmoja aliyepokea simu usiku wa manane akiwa na karatasi mkononi.

Watu husahau kwamba mfumo huu wa bikoni na setilaiti, Cospas-Sarsat, si wa zamani sana. Marekani, Kanada, Ufaransa na Umoja wa Kisovyeti zilikubaliana kuujenga mwaka 1979, wakati ambao mataifa hayo hayakuwa yakikubaliana mambo mengi, na Septemba 1982 watu watatu walioanguka na ndege ndogo Kanada wakawa wa kwanza kuokolewa kwa msaada wake. Mwanzoni bikoni nyingi zilitumia masafa ya megahezi 121.5, na setilaiti iliweza kuipitisha ishara hiyo ikiwa tu kituo cha ardhini nacho kinaonekana kwa wakati huo huo. Katikati ya bahari kuu mara nyingi hakukuwa na kituo. Juni 1989 boti ya mapacha matatu, Rose-Noëlle, ilipinduka ikitoka New Zealand. Watu wanne waliwasha bikoni yao, ikapiga mpaka betri ikaisha, hakuna aliyekuja. Waliishi juu ya boti iliyopinduka na ndani yake kwa siku 119, mpaka mkondo ukawatupa kwenye ufuko wa kisiwa cha Great Barrier, huko huko New Zealand. Setilaiti ziliacha kabisa kusikiliza 121.5 tarehe 1 Februari 2009. Masafa hayo bado yamo ndani ya bikoni za sasa, lakini kwa kazi nyingine, ya kumwongoza mwokoaji hatua za mwisho akishafika karibu.

Siku 119 zile zinanifundisha pia kutoharakia chelezo cha mpira. Katika mbio za boti za Fastnet za mwaka 1979, ambako washindani 15 walikufa, boti 24 ziliachwa na mabaharia wake. Boti 19 kati ya hizo zilipatikana baadaye zikielea. Na mwaka 1994, katika dhoruba kubwa iliyozikuta boti kati ya New Zealand na Tonga, katamarani Ramtha iliachwa, watu wake wakachukuliwa na meli ya kijeshi, nayo ikaja kupatikana ikiwa bado imesimama sawasawa majini. Siwahukumu walioshuka. Mimi mwenyewe usiku ule nilikuwa nakitamani chelezo kama mtoto anavyotamani mgongo wa mama. Nahodha, damu usoni, alisema kitu kimoja tu: "Boti ni kubwa. Anayetutafuta atatafuta kitu kikubwa." Tukajifunga kwenye kamba tulizozipitisha kati ya usukani mmoja na mwingine, tukakaa.

Alfajiri, mawimbi yalipolegea kidogo, kijana wetu mshika usukani aliingia ndani akiwa na kamba kiunoni, akapiga mbizi mara mbili, akatoka na bikoni kubwa. Bado ilikuwa inawaka na kuzima. Tuliifunga juu ya tumbo la boti, antena juu, na hapo ndipo, saa kadhaa baada ya kuwaka, ilipoiona mbingu kwa mara ya kwanza. Ndege ilikuja asubuhi ikifuata ile sauti ya 121.5. Rubani alitueleza kwa VHF kwamba alituona kwa sababu ya rangi. Tumbo la boti lilikuwa na kipande kipana cha njano, ambacho tulikipaka kwa kununa kwa sababu kanuni zilitaka na kwa sababu kilikuwa kibaya machoni. Meli ya mizigo ilitufikia mchana. Kupanda ubavu wa meli kwa ngazi ya kamba kutoka kwenye boti inayopandishwa na kushushwa ilikuwa hatari kuliko usiku wote, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.

Tuna boti nyingine sasa. Kabla ya kufunga chochote tuliuchukua mchoro wake, tukaugeuza mezani juu chini, tukachora mstari wa maji mahali utakapokuwa boti ikipinduka. Kila kilichokuwa chini ya mstari kilihamishwa. Bikoni iko karibu na sakafu, urefu wa mkono kutoka mlango wa dharura, na kisu kiko kando yake. Kamba ya bikoni imekunjwa na haijafungwa popote, kwa kuwa ukiifunga mapema, boti itaishikilia ndani, na usipoifunga ukishaitoa, upepo utaichukua. PLB haivuliwi hata mtu akilala. Mara moja kwa mwezi tunaijaribu bikoni kwa kitufe cha majaribio, na kabla ya kila mbio kila mtu anafumba macho, avae glavu, akunjue antena ya PLB ya mazoezi. Na jaketi ninalovaa sasa halijijazi kwa kulowa tu, linasubiri shinikizo la maji, ingawa najua wenzangu wenye hoja nzuri dhidi ya uamuzi huo, na siku moja huenda nikabadilika.

Kuhusu tanga, anayefikiri mkunjo ndiye anayeuamuru. Haijalishi ni nani, haijalishi ni zamu ya nani. Tumepoteza nafasi mbili kwenye mbio moja kwa ajili ya kanuni hiyo, na nahodha hakusema neno.

Usajili wa bikoni tuliubadilisha wiki ile ile tuliyorudi. Namba ya kwanza ni ya dada yake. Amekubali kwa sharti moja, kwamba tukifika tumpigie kabla hatujashusha tanga, maana tangu usiku ule simu ikilia akiwa amelala huamka akiwa tayari amekaa.